Moto Uliowashwa kwa Sababu ya Mvua

Somo: Matendo ya Mitume 28:1–10



Twawaomba kwanza mfungue Biblia zenu, mkasome habari ya Paulo katika kisiwa cha Melita, ndicho kiitwacho leo Malta. Habari yenyewe ni fupi, aya kumi tu. Watu wengi huisoma upesi, maana macho yao huwahi kumtazama nyoka na kuwatazama wagonjwa waliopona, wakaliruka jambo lililotangulia. Jambo hilo ni hili: jahazi limevunjika, watu 276 wametoka baharini, nguo zao zimelowa, mvua yanyesha na baridi imewashika. Ndipo wenyeji wa kisiwa, watu wasiomjua Paulo wala Bwana wa Paulo, walipowasha moto na kuwapokea wote. Luka hakutaka tendo hilo lipotee. Aliliandika pamoja na sababu yake, ndiyo mvua na baridi.

Habari za moto huo ndizo tunazotaka kuzifikiri pamoja nanyi mwezi huu. Nasi tunazifikiri kwa ajili ya watu wa namna mbili: wale waendao mbali na kwao ili wajifunze, na wale wawapokeao.

Paulo mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mwanafunzi wa ugenini. Alizaliwa Tarso, akalelewa Yerusalemu, akafundishwa miguuni pa Gamalieli, kama alivyowaambia Wayahudi katika Matendo 22:3. Alikuwa mtu wa elimu nyingi, naye alijua Kiyunani na Kiebrania. Lakini siku ile ufuoni elimu yake yote haikuweza kumkausha nguo. Alihitaji moto, na moto ulikuwa mikononi mwa watu wasiosoma alichokisoma yeye.

Sisi tuandikao ni wanafunzi wa theolojia, wengine tumetoka Kenya, wengine Kongo, nasi twasoma Tanzania katika chuo cha Kanisa kilicho chini ya Mlima Meru. Katika vuli iliyopita tulipata siku moja isiyo na masomo, tukakusudia kwenda Upare wa Kusini, tufike Mbaga, tuyaone makao ya kale ya misioni, kisha turudi jioni ile ile. Tuliondoka saa kumi alfajiri, na asubuhi tulikuwa Same.

Msomaji asiyefika Same na ajue kwamba mji ule umekaa penye ukavu. Tambarare yake ni ya migunga na mibuyu, na mvua ya mwaka mzima huko chini mara nyingi haizidi milimita 600. Lakini mtu akiinua macho aona milima ya kijani imesimama karibu kabisa, nayo yapanda hata kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462, katika msitu wa Chome. Sababu ya tofauti hiyo ni upepo. Upepo utokao Bahari ya Hindi huja umechukua unyevu. Ukikutana na milima hupanda, hupoa, na kuushusha mzigo wake upande wa mashariki na vileleni. Ukifika Same, upande wa magharibi, umekwisha kuwa mkavu. Basi mtu wa tambarare na mtu wa mlimani ni majirani, lakini hawapewi mvua sawasawa.

Tulipanda kwa njia ya Mwembe. Mawingu yalikuwa yamefunika mlima tangu asubuhi, na kabla ya saa nne mvua ikaanza, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu hata hatukuona mbele. Njia ikawa tope jekundu, na motokaa yetu ikateleza ikakwama mtaroni. Tulishuka tukasukuma, haikutoka. Tulikuwa watu tisa, tumelowa, tunatetemeka, wala hatukumjua mtu yeyote katika mlima ule.

Mzee mmoja alitoka katika nyumba iliyokuwa juu ya njia, amejifunika gunia kichwani. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, wanangu," wala hakutuuliza sisi ni nani, wala twatafuta nini. Alisema, "Ingieni ndani, motokaa haitakimbia." Tukaingia jikoni, tukamkuta mama mwenye nyumba amekwisha kushusha kuni kavu zilizokuwa uchagani juu ya meko.

Ninyi mkaao vijijini mwajua maana ya kuni kavu wakati wa mvua. Mama wa nyumba huziweka juu ya moshi kwa siku nyingi, huzihesabu, na hutumia chache chache, maana akiishiwa hataweza kwenda msituni kutafuta nyingine zilizo kavu. Mama yule alizishusha karibu zote kwa ajili ya watu tisa aliowaona kwa mara ya kwanza. Akatupa chai ya tangawizi, inayolimwa sana katika milima ile, hasa upande wa Mamba Miamba. Tena akatupakulia makande yaliyopikwa kwa ajili ya watoto wake.

Hapo ndipo tulipoifahamu aya ya pili ya somo letu. Watu 276! Ni kuni ngapi zitakazowakausha watu wengi namna ile, tena katika mvua? Watu wa Melita walizitoa wapi kuni kavu? Bila shaka walizitoa nyumbani mwao, akiba ya siku zao wenyewe. Fadhili aliyoisifu Luka ilikuwa na gharama, na walioilipa ni wenyeji.

Liko jambo jingine tunalopaswa kulisema wazi. Luka awaita watu wale kwa neno la Kiyunani ambalo Wayunani walimwita mtu yeyote ambaye maneno yake hawakuyaelewa. Na katika Biblia zetu za kale neno hilo liliandikwa kama "washenzi". Lakini hao walioitwa hivyo ndio waliofanya wema. Vivyo hivyo, mgeni akaaye katika miji ya Tanzania husikia mizaha mingi juu ya Wapare, kwamba ni watu wa kubana mkono. Tuliisikia mizaha hiyo kabla hatujamwona Mpare nyumbani kwake. Ndugu, jina baya la watu husafiri kwa haraka kuliko watu wenyewe. Mwanafunzi wa ugenini na ajihadhari asilipokee jina hilo kama somo. Tena na akumbuke kwamba ufuoni mwa Melita aliyekuwa na lugha ngeni ni yule aliyetoka baharini. Mwenzetu wa Lubumbashi alipoanza kusema Kiswahili cha kwao, watoto wa nyumba ile walicheka mpaka wakajificha nyuma ya mama yao. Sisi ndio tuliokuwa watu wa maneno yasiyofahamika.

Baada ya kula tuliomba ruhusa ya kuendelea na safari. Mzee alitoka nje akatazama mlima, akarudi akasema, "Wanangu, leo hamwendi mbele. Udongo umekwisha kunywa, hauwezi kunywa zaidi." Akatukumbusha habari za Goha, kijiji cha Mamba Miamba, jinsi mlima ulivyoporomoka katika mvua kubwa za Novemba 2009, ukawafunika watu nyumbani mwao, wakafa zaidi ya ishirini. Hakuna aliyebishana naye. Vitabu vyetu havikutufundisha kusoma udongo wa Upare, lakini yeye alikuwa ameusoma tangu utoto. Tukaketi. Hivyo Mbaga hatukufika siku ile.

Kwa msafiri mvua ile ilikuwa kizuizi. Kwa wenye nyumba ilikuwa jibu la sala. Mama alisema, "Mahindi yalikuwa yameanza kujikunja. Tumeomba kanisani Jumapili mbili." Akamshukuru Mungu mbele yetu, sisi tukiwa tumezunguka moto wake na nguo zetu zikitoa mvuke. Yakobo katika sura ya 5, aya ya 7, amweka mkulima mbele ya Wakristo awe mwalimu wao, kwa kuwa ajua kuingoja mvua ya kwanza na ya mwisho kwa uvumilivu. Jambo hilo twalisoma chuoni katika lugha nyingi. Mama yule alilijua kwa kutazama majani ya mahindi.

Mvua ilipopungua, mzee aliwatuma vijana kuitazama ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa kwa mawe na udongo katika mteremko wa mlima, nalo ni kazi ya kale ya Wapare, iliyokuwa chini ya ulinzi wa koo. Maji ya kijito huletwa kwa mfereji. Mlango wa ndiva hufungwa jioni, bwawa hujaa usiku, na asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka mashambani. Kila mmoja hupata kwa zamu yake. Naye apataye zamu ana wajibu wa kufika katika msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzoa matope na kutengeneza mifereji. Asiyefika hutozwa faini au hukosa maji. Bila ndiva mvua kubwa hupita shambani kwa saa moja, ikachukua udongo, na kesho yake shamba ni kavu tena.

Tulipoona vijana wanachukua majembe, tuliwafuata. Mdomo wa mfereji ulikuwa umezibwa kwa mawe na matawi. Tulisimama majini tukayatoa, kila mtu kwa nguvu zake, mpaka maji yakapata njia. Vijana wale kisha wakaja nasi njiani, wakaiinua motokaa kutoka mtaroni.

Wakati wa kuagana tulitaka kumpa mzee fedha kidogo kwa ajili ya kuni na chakula. Akaukunja mkono wetu juu ya fedha ile, akasema, "Mtakaporudi kwenu, mkimwona mgeni wa mvua, mlipeni yeye."

Basi, wapenzi, na turudi kwenye somo, tuone Paulo alifanya nini katika moto wa watu wengine.

Kwanza, alikubali kupokewa. Hili ni jambo zito kwa mtu aliyezoea kufundisha. Mwenye elimu hupenda kutoa, kwa kuwa atoaye hukaa juu. Huona haya kupokea, kwa kuwa apokeaye hukaa chini. Lakini Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake bila mkoba, wakae katika nyumba watakayopokewa na kula wapewacho. Msome Luka 10:4–8. Hakuwatuma kama wafadhili. Aliwatuma kama wageni wenye njaa.

Pili, Paulo alikusanya kuni. Luka amwonyesha mtume akiinama ufuoni, akichukua mzigo wa matawi, na kuutia motoni. Wahenga wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Paulo hakuingoja siku ya tatu. Moto haukuwa wake, wala hakuuondoa ili awashe mwingine ulio bora. Aliuongeza ule aliokuwa ameukuta. Hiyo ndiyo kazi ya mgeni mwenye elimu.

Tatu, katika kuni zile alitoka nyoka. Atumikaye huweza kuumwa na kitu kilichofichwa ndani ya utumishi wake. Watu walipoona nyoka mkononi mwake walimhesabu kuwa mwuaji. Walipoona hafi wakageuka, wakasema kwamba ni mungu. Hukumu zote mbili zilikuwa za uongo. Mwanafunzi wa ugenini hupatwa na zote mbili: leo hushukiwa, kesho husifiwa kupita kiasi. Na arudipo kwao na cheti chake hupatwa na hizo hizo tena. Paulo alimkung'utia nyoka motoni, na habari yaendelea. Hatusomi kwamba alilipiza shaka, wala kwamba alijenga kiti juu ya sifa. Mwenye kuitwa kwa kazi ya Mungu na afanye vivyo hivyo.

Nne, baba yake Publio, mkuu wa kisiwa, alikuwa mgonjwa wa homa na kuhara damu. Paulo akaomba, akaweka mikono juu yake, akapona, na wagonjwa wengine wakaja. Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini angalieni utaratibu wake. Uponyaji ulikuja baada ya moto. Paulo alipokea kwanza, akabeba kuni, akaketi siku tatu katika nyumba ya mwenyeji, na ndipo alipotoa kile alichopewa na Mungu.

Habari ya Kanisa katika Upare yenyewe ni ushuhuda wa jambo hilo. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Shigatini, Upare wa Kaskazini, mwaka 1900. Baadaye Jakob Dannholz alikaa Mbaga, na mwaka 1916 kitabu chake juu ya imani za kale za Wasu kilipigwa chapa. Mtu hawezi kuandika kitabu cha namna hiyo pasipo kuketi kwanza kama mwanafunzi mbele ya wazee wa nchi. Aliyekuja kufundisha alihitaji kufundishwa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mwaka 1920, wamisionari Wajerumani waliondolewa katika nchi. Wageni waliondoka, lakini moto haukuzimika. Walimu wenyeji na wazee wa sharika waliendelea kusomesha, kuomba, na kuwakusanya watu. Leo Upare wa Kusini una dayosisi yake katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na makao makuu yake yapo Same. Mgeni huongeza kuni. Mwenyeji ndiye alindaye meko.

Sasa twasema na ninyi, wapenzi. Ninyi sharika mliowatuma vijana wenu mbali, waandikieni, waombeeni, tena waulizeni si habari za mitihani tu. Waulizeni, "Umeingia nyumba ya nani huko? Umebeba kuni gani?" Kijana akaaye miaka minne katika nchi ya watu, asijue jina la mtu mmoja nje ya ukuta wa chuo, atarudi na vitabu vingi, lakini sehemu kubwa ya somo itakuwa imempita.

Ninyi wainjilisti na walimu, wengi wenu mmewekwa katika vijiji visivyo vya kwenu, mkasema lugha ambayo watoto huicheka. Msiione aibu hiyo kuwa kubwa. Nendeni msaragambo pamoja na watu. Mahubiri ya mtu ambaye watu wamemwona matopeni husikiwa kwa sikio jingine.

Na ninyi mlio wenyeji, kumbukeni kwamba mvua za miaka hii huwafukuza watu wengi nyumbani mwao, na shule na kazi huwatupa vijana katika miji wasikojua mtu. Katika ibada ya Jumapili yuko mmoja aketiye nyuma karibu na mlango, ambaye hakuna amwitaye kwa jina. Bwana Yesu katika Mathayo 25:35 ajihesabu mwenyewe kuwa mgeni huyo. Siku ya hukumu hatatuuliza kama tulikuwa na kuni nyingi. Atauliza juu ya zile zilizokuwa uchagani.

Elimu pia ni mvua. Humwangukia mmoja zaidi ya mwingine, wala aliye mlimani hakuistahili kuliko aliye tambarare. Kama haikuzuiwa katika ndiva, ikagawanywa kwa zamu, huchukua udongo ikapita. Tumwombe Mungu atupe moyo wa kuizuia kwa ajili ya walio chini yetu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekuwa mgeni duniani, ukala katika nyumba za watu na kulala chini ya dari zao, uwalinde wote walio mbali na kwao kwa ajili ya kujifunza. Uwape mioyo ya kupokea pasipo haya na kutumika pasipo kujivuna. Uwabariki wote wawashao moto kwa ajili ya watu wasiowajua, wala uchaga wao usikose kuni. Uinyeshee milima na tambarare kwa kiasi kiwafaacho watu wako. Kwa jina lako takatifu. Amina.